Bomu likilipuliwa kimyakimya, nani atajua?

Mwalimu Halima anafundisha fizikia sekondari huko Tanga, kaniandikia hivi: "Shikamoo dokta. Kidato cha nne wamenibana darasani. Mwaka 2025 Trump alisema Marekani itaanza tena kujaribu silaha za nyuklia, mi nikawaambia hayo mambo yalishapigwa marufuku zamani, mmoja akanionesha kwenye simu kwamba mkataba wenyewe haujaanza hata kufanya kazi. Nikaishiwa maneno. Sasa dokta, ni marufuku au sio marufuku? Na mtu akichimba shimo refu akalipua kimyakimya, nani atajua?"

Marahaba mwalimu. Kwanza huyo mwenye simu mpe soda, yuko sahihi. Na wewe pia hujawadanganya, ndo ubaya wa hii habari, wote wawili mna haki. Kulipua hewani, anga za juu na chini ya maji ni marufuku toka 1963 kwa nchi zilizosaini. Kulipua popote pale, hadi chini ya ardhi, kuna mkataba wa 1996, ule wanaouita CTBT, umesainiwa na nchi 187 na kuridhiwa na 178, ila kisheria bado umelala, miaka 30 sasa unasubiri kuamka. Lakini hapohapo angalia maajabu: tangu Mei 1998, India na Pakistan zilipolipua, hakuna nchi nyingine iliyojaribu bomu isipokuwa Korea Kaskazini peke yake, mara 6 kati ya 2006 na 2017. Kabla ya hapo, kuanzia 1945 hadi 1996, yalilipuliwa zaidi ya 2,000. Waambie wanafunzi wagawanye wenyewe, watapata kama bomu moja kila siku 9, kwa miaka 51 mfululizo. Kwahiyo sheria imelala lakini watu wameacha, na mi naamini sababu kubwa iko kwenye hilo swali lako la pili. Hilo "nani atajua" ndilo lililowashinda Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Usovieti, ntakueleza.

Chanzo cha kelele zote ni tarehe 1 Machi 1954, Bikini, Visiwa vya Marshall, huko katikati ya Pasifiki. Wamarekani walilipua bomu walilolipa jina la Bravo, mahesabu yao yalisema litatoka na nguvu ya megatani 6, yani sawa na tani milioni 6 za baruti, likatoka na 15. Ndani yake kulikuwa na lithiamu-7 ambayo wao waliihesabu kama mzigo tu, haifanyi kitu, kumbe na yenyewe iliingia mchezoni. Matumbawe ya kisiwa yakasagika, yakapanda na wingu, yakarudi chini kama unga mweupe. Pale Rongelap watoto waliuchezea ule unga, hawajawahi kuona kitu kama kile, wamekuja kuhamishwa siku mbili baadaye ngozi zinauma na matumbo yanawasokota. Na baharini kulikuwa na boti ya wavuvi wa Kijapani, watu 23, wanavua jodari, wako nje kabisa ya eneo lililokatazwa, unga ukawadondokea masaa kadhaa huku wanavuta mishipi yao. Wamefika bandarini kwao Yaizu wote wanaumwa, samaki kupimwa wana mionzi, Japani nzima ikaogopa kula samaki, fikiria Wajapani hao. Septemba mwaka huohuo fundi redio wa ile boti, Aikichi Kuboyama, akafariki.

Mwezi mmoja baada ya Bravo, tarehe 2 Aprili, Nehru, waziri mkuu wa India, akasimama bungeni Delhi akataka majaribio yasimamishwe. Anahesabika ndo kiongozi wa kwanza wa nchi kutamka hivyo. Mshikilie hapohapo Nehru, tutarudi India baadaye kuna kichekesho.

Kilichowagusa wazazi wa kawaida kabisa sio hotuba ya Nehru lakini, ni meno. Mji wa St. Louis huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 50, madaktari na akina mama walianza kukusanya meno ya utoto. Sisi huku jino likitoka tunalirusha juu ya bati, wao mtoto alikuwa analitia kwenye bahasha analituma, anarudishiwa beji ya kuvaa kifuani kwamba kachangia sayansi. Yakakusanywa zaidi ya meno 300,000. Walikuwa wanatafuta strontiamu-90, mabaki ya bomu yenye mionzi, ambayo mwalimu unajua kwenye jedwali la elementi inakaa chini ya kalsiamu, kwahiyo mwili hautofautishi, inashuka na mvua, inaingia kwenye majani, ng'ombe anakula, inaingia kwenye maziwa, mtoto anakunywa, inajenga jino. Na waliikuta. Waliozaliwa kipindi majaribio yamepamba moto walikuwa nayo mara nyingi zaidi ya waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 50. Bomu limelipuliwa Nevada au Kazakhstan, limeandikwa kwenye jino la mtoto. Hapo mwanasiasa gani atabisha.

Ndo Wamarekani na Wasovieti wakakaa mezani. Na hapa lisome taratibu maana ndo penyewe. Walitaka kupiga marufuku yote, ya juu na ya chini. Ya juu hayana shida, ukilipua hewani dunia nzima inapumua ushahidi. Ya chini ya ardhi ndo wakaulizana swali la wanafunzi wako. Vipimo vya matetemeko vya wakati ule vilikuwa havina uwezo wa kutenganisha kwa uhakika bomu dogo na tetemeko dogo, na Usovieti ni nchi kubwa yenye matetemeko kibao. Marekani ikasema basi turuhusiwe kuja kukagua pale tunapotilia shaka, wakashuka mpaka mara 7 kwa mwaka. Khrushchev akasema mara 3, basi, zaidi ya hapo mnakuja kunipeleleza. Saba na tatu! Wakashindwana kwa tofauti ya safari 4 kwa mwaka. Wakaliweka pembeni la ardhini, wakasaini la hewani, anga za juu na majini, Moscow tarehe 5 Agosti 1963, na nchi nyingi zikafuata mwaka huohuo, Tanganyika ikiwemo. Ufaransa na China zikagoma.

Matokeo yake mabomu hayakupungua, yalizama tu. Karibu robo tatu ya majaribio yote ya dunia yamefanyika chini ya ardhi. Mi huwa nawaambia watu mkataba wa 1963 uliokoa meno ya watoto, ila mbio za silaha haukuzigusa, ziliendelea chini ya zulia.

Sisi Waafrika tuna ugomvi wetu kwenye hii hadithi na sipendi unavyosahaulika. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza kabisa Reggane, jangwani Algeria, kilotani kama 70, yani sawa na tani 70,000 za baruti, zaidi ya mara 4 ya lile la Hiroshima. Jina walilipa la panya-jangwa wa bluu, sijui nani alikuwa anachagua haya majina. Na huo ndo mwaka nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, yani bendera zinapanda huku na wingu linapanda kule. Nkrumah akazuia mali za Wafaransa zilizoko Ghana. Nigeria, baada ya bomu la tatu, Januari 1961 ikamfukuza balozi wa Ufaransa. Baada ya manne ya hewani wakahamia kwenye milima ya Hoggar, In Ekker, wanalipua ndani ya mlima, wakalipua 13. Algeria imepata uhuru Julai 1962, lakini kwenye makubaliano ya Evian, yale ya kumaliza vita na Ufaransa, kulikuwa na kipengele, kwahiyo Mfaransa kaendelea kulipua kwenye nchi huru ya watu mpaka 1966. Na hiyo ya ndani ya mlima isikudanganye kwamba ni salama, tarehe 1 Mei 1962 mlima ulishindwa kulizuia bomu, wingu likatoka mlangoni likawafuata wageni waliokuja kutazama, wakiwemo mawaziri wawili wa Ufaransa, wakakimbia na suti zao. Waliobaki ni wanajeshi wa chini na wenyeji wa pale jangwani ambao hawakuwa na gari la kukimbilia.

Haya, nani atajua.

Mwaka 1976 pale Geneva iliundwa kamati ya wataalamu wa matetemeko, Wasweden walikuwa mbele sana kwenye hili, kazi yao ilikuwa kubuni mtandao wa dunia nzima wa kusikiliza. Wakati wanasiasa wanatukanana wao wamekaa miaka 20 wanabadilishana data na kusahihisha mahesabu. Mkataba ulipokuja kuandikwa 1996 mtandao ulikuwa umeshachorwa: vituo 321 na maabara 16, makao makuu Vienna. Na vingine viko kwetu, wanafunzi wako wengi wamepita jirani navyo hawajui. Cha matetemeko kipo Kilimambogo karibu na Thika. Kingine Mbarara, Uganda. Nairobi kuna cha kusikiliza sauti nzito ambazo sikio la mtu halizipati, hicho huwa kinapata hadi ngurumo za volkeno za Goma, Nyiragongo na Nyamulagira, zaidi ya kilomita 800. Na Dar es Salaam kuna cha kunusa hewa.

Hicho cha Dar kiko karibu na nyie, nikieleze vizuri maana watu wakisikia "kituo cha nyuklia" wanafikiria mambo makubwa makubwa. Ni feni kubwa na karatasi. Mashine inanyonya hewa angalau mita za ujazo 500 kila saa, inaipitisha kwenye chujio. Pima darasa lako, tuseme mita 8 kwa 7, dari mita 3, hiyo ni mita za ujazo 168, kwahiyo hiyo mashine inameza madarasa matatu kila saa, usiku na mchana. Baada ya masaa 24 chujio linatolewa, limeshabeba vumbi, chumvi ya bahari, moshi wa magari na wa mkaa, vyote vimo. Linakandamizwa linakuwa kidonge. Halipimwi papohapo, linalazwa kama siku nzima, kwasababu hewa ya kawaida ina radoni inayotoka ardhini na watoto wake, risasi-212 na wenzake, ambao wanapiga kelele kweli lakini wanakufa haraka. Unawaacha wafe kwanza. Ndo linawekwa kwenye kipima mionzi ya gama cha elementi ya germaniamu, linakaa humo karibu siku nzima nyingine, mchoro unatumwa Vienna. Kila siku unaona berili-7, hiyo inatengenezwa na miale ya kutoka angani, ni ya kawaida, ukiikosa ndo ushtuke maana mashine itakuwa mbovu. Siku ukiona bariamu-140 na lanthanamu-140 zimekaa pamoja, hapo hakuna tena vumbi la barabarani, hizo ni mabaki ya urani au plutoniamu iliyopasuliwa, na kwa kuangalia uwiano wao unaweza kukadiria ni lini.

Sasa mjanja wa shimo anasema mi nalipua chini mita 600, nafukia, vumbi halitoki. Kweli, vumbi halitoki. Ila mpasuko wa nyuklia unazaa zenoni, na zenoni mwalimu ni gesi isiyoungana na kitu chochote, ukiifukia inapenya kwenye nyufa taratibu kama harufu ya samaki mkavu kwenye begi, utafunga zipu utafanya nini lakini abiria wote watajua. Vituo kadhaa vina mashine za kuikamata. Korea Kaskazini walipolipua Februari 2013 kila kitu kilibaki ndani, wiki zikapita hamna kitu, siku ya 55 kituo cha Takasaki huko Japani kikaikamata. Na sikufichi, kuna usumbufu. Viwanda vinavyotengeneza dawa za mionzi za hospitali, zile za kupimia mifupa na moyo kwenye skeni, navyo vinatoa zenoni kila wiki. Kimojawapo kiko Pelindaba, Afrika Kusini. Kwahiyo wachambuzi wa Vienna kila asubuhi kazi yao ya kwanza ni kuuliza upepo umetoka wapi.

Na kabla hata gesi haijatoka, ardhi imeshasema. Hapa ndo utawafurahisha wanafunzi. Tetemeko la kawaida ni miamba miwili inasuguana, upande mmoja unaenda huku mwingine kule, kama ukisugua viganja. Kwahiyo wimbi la kwanza likifika vituoni, baadhi vinaona ardhi imesukumwa, vingine vinaona imevutwa, na wimbi la pili, lile la kutikisa ubavuni, linakuja na nguvu. Bomu halisugui kitu, linasukuma pande zote kwa pamoja kama puto linalojazwa ghafla, kwahiyo vituo vyote vinaanza kwa kusukumwa, wimbi la kwanza ni kubwa na kali, la pili nyonge. Halafu kina, matetemeko mengi yanaanzia kilomita nyingi chini, hakuna mtu aliyechimba shimo la bomu kilomita 15. Bomu la Korea Kaskazini la Septemba 2017 lilitoa tetemeko la ukubwa wa 6.1, na dakika kama 8 na nusu baadaye likaja dogo lingine, ni mlima wenyewe ulikuwa unaporomoka kwa ndani. Kwenye mwamba mgumu kilotani moja tu inatoa kama ukubwa wa 4, mtandao unaiona bila shida. Lile lao la kwanza 2006 lilikuwa halifiki hata kilotani 1 na lilionekana, na wiki mbili baadaye zenoni yake ikanuswa Kanada.

Kwahiyo haiwezekani kudanganya? Ngoja, nisikudanganye na mimi. Ipo njia moja inayozungumzwa, unachimba pango kubwa unalipua katikati, hewa inameza sehemu ya kishindo. Wamarekani walijaribu kwenye chumvi, Mississippi, 1966, ndani ya tundu lililoachwa na bomu la 1964, kishindo kikapungua kama mara 70. Ila hilo lilikuwa bomu dogo, chini ya nusu kilotani, ndani ya tundu lililotengenezwa na bomu jingine. Pango la kuficha bomu la maana ujue unahamisha mlima, na setilaiti zinakutazama ukibeba kifusi. Pengo la kweli liko chini kabisa, milipuko midogo sana ya uzito wa kilo tu za baruti. Hapo masikio ya Vienna hayafiki, na ndo hapo Marekani huwa inazituhumu Urusi na China, na zenyewe zinakana. Dawa ya hilo pengo imeandikwa kwenye mkataba, ukaguzi wa mahali penyewe, timu inaingia na vyombo vyake kwenye eneo la hadi kilomita za mraba 1,000. Lakini hiyo dawa inafunguliwa siku mkataba ukianza. Ulishawahi kuona duka la dawa limefungwa na mgonjwa yuko nje, ndo hivo.

Kwanini haujaanza? Kwasababu ya namba 44. Walioandika mkataba walisema hautaanza mpaka nchi 44 zilizotajwa majina ziridhie zote, bila kukosa hata moja. Wakachagua kwa kigezo cha kuwa na mitambo ya nyuklia, hata midogo ya utafiti, na ndo maana Kongo ya Kinshasa imo kwenye 44, sio kwasababu ya urani ya Shinkolobwe iliyokwenda kwenye bomu la Hiroshima, ni kwasababu ya kinu cha utafiti cha Kinshasa kilichowashwa 1959. Kongo imeridhia 2004, imemaliza deni lake. Wanaodaiwa ni 9. Marekani, China, Israel, Iran na Misri wamesaini hawajaridhia. India, Pakistan na Korea Kaskazini hawajasaini kabisa. Na Urusi ambayo iliridhia mwaka 2000, Novemba 2023 Putin akasaini sheria ya kuondoa uridhiaji, akasema wanajiweka sawa na Marekani. Vituo vyao wakaviacha vifanye kazi. Marekani nayo, Clinton alikuwa wa kwanza kusaini, Oktoba 1999 Seneti ikaukataa, kura 51 kwa 48, wakati ulihitaji theluthi mbili.

Na kile kichekesho cha India sasa. Nchi ya Nehru, iliyoomba haya majaribio yasimame mwaka 1954 kabla ya yeyote, mwaka 1996 kwenye mazungumzo ya mkataba Geneva ndo iliyokaa mlangoni ikazuia. Balozi wao Arundhati Ghose alisimama imara kwamba India haitasaini, sio sasa sio baadaye. Hoja zao mi siwezi kuzidharau: mnatuzuia sisi kujaribu, nyie mmeshajaribu elfu mbili mna data zote kwenye kompyuta, na hamtuambii lini mtaziharibu za kwenu. Halafu mnatutaja kwa jina kwenye ile 44 bila ridhaa yetu. Miaka miwili baadaye wakalipua Pokhran, na utajiuliza kama walikuwa wanatetea usawa au shimo lilishachimbwa. Mi nadhani vyote viwili.

Geneva ikiwa imekwama, Australia ikaubeba mkataba mzimamzima mpaka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, tarehe 10 Septemba 1996, ukapita kwa kura 158. Waliokataa 3: India, Bhutan, Libya. Waliojizuia kupiga kura 5, na mwalimu shika kiti, mmojawapo ni Tanzania. Pamoja na Cuba, Lebanon, Mauritius na Syria. Manung'uniko ya nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote yalikuwa karibu na yale ya India, kwamba mkataba unafunga mashimo na kuacha maabara wazi. Tulikuja kuridhia mwaka 2004, Kenya ilitutangulia 2000. Kwenye mambo ya Afrika yenyewe tumefanya vizuri zaidi, Mkataba wa Pelindaba unaokataza silaha za nyuklia bara zima, majaribio yakiwemo, ulianza kazi tarehe 15 Julai 2009 na aliyekamilisha idadi ni Burundi. Wakubwa wameshindwa kuifikisha 44, Burundi imeifikisha 28 iliyotakiwa.

Ndo tunakuja kwa Trump. Tarehe 30 Oktoba 2025 aliandika mtandaoni kwamba ameagiza silaha za nyuklia zianze kujaribiwa kwa usawa na wengine. Watu tukashtuka, maana bomu la mwisho la Marekani ni Septemba 1992. Siku chache baadaye waziri wake wa nishati, Chris Wright, akafafanua kwamba hakuna mlipuko wa nyuklia unaozungumzwa, ni kujaribu mifumo na sehemu nyingine za silaha. Wiki hiyohiyo Putin akawaagiza watu wake walete mapendekezo ya kujiandaa na wao. Wafafanulie wanafunzi tofauti tatu maana hata waandishi wa habari wanachanganya: kurusha kombora ni jambo moja na halikatazwi na huu mkataba, kupiga plutoniamu kwa baruti bila mnyororo wa mpasuko kuwaka ni jambo la pili, Marekani inafanya hilo chini ya ardhi Nevada kwa miaka mingi sasa na inasema linaruhusiwa, na kulipua bomu lenyewe ni la tatu. La tatu ndo mkataba unalikataza. Na aliyesaini, hata kama hajaridhia, kwa desturi ya sheria za mikataba hatakiwi kufanya kitu kinachoua lengo la mkataba mpaka atangaze wazi kwamba hana nia ya kuuridhia. Marekani haijatangaza. China haijatangaza.

Mi hofu yangu sio kwamba Mmarekani atalipua kwasababu anahitaji, hahitaji, ana zaidi ya majaribio 1,000 kwenye makabati. Anayehitaji ni China, ina 45 tu, na India. Akifungua mlango yeye wanaofaidika ni wale wenye data chache. Kwahiyo kisiasa ni ujinga, ila ujinga kwenye hii historia haujawahi kuwa adimu.

La mwisho, wanafunzi wamefikiria shimo, ila mjanja wa kweli angekwenda baharini ambako hakuna mtu. Na huenda kuna aliyekwenda. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani inayoitwa Vela iliona mimweko miwili mfululizo kusini kabisa mwa Afrika, baharini, na mimweko miwili ni alama ya bomu la hewani, radi haifanyi hivyo. Kamati ya Ikulu ikaja kusema pengine sio bomu, pengine setilaiti imegongwa na kajiwe. Rais Carter mwenyewe lakini, kwenye shajara yake ya Februari 1980 iliyokuja kuchapishwa miaka 30 baadaye, aliandika kwamba wanasayansi wao wanazidi kuamini ni Waisraeli. Kesi haijafungwa hadi leo, kwasababu mwaka 1979 hakukuwa na mtandao wa kusikiliza.

Leo kwenye maji hayohayo kuna maikrofoni zimetundikwa baharini karibu na visiwa vya Crozet, ndani ya tabaka ambalo sauti inasafiri maelfu ya kilomita bila kupotea. Novemba 2017 nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilipotea na watu 44. Ile ya Crozet na nyingine ya kisiwa cha Ascension zilikuwa zimerekodi, wataalamu wakarudia kusikiliza, wakakuta kishindo kifupi cha tarehe 15, Atlantiki ya kusini, wakachora mistari miwili kwenye ramani. Ilikuja kupatikana mwaka mmoja baadaye, kina cha mita 907, jirani na pale mistari ilipokutana. Na kile hakikuwa bomu mwalimu, lilikuwa ni chuma tu linapondwa na maji.